Uzi wa Mtoto Hauguswi

Kazi ya kwanza ya binti ilichaguliwa Jumapili asubuhi, jikoni, na watu wawili waliokuwa wakibishana huku yeye amekaa katikati yao akimenya viazi. Alikuwa na miaka kumi na sita na miezi minne. Shule alikuwa ameimaliza, majibu ya mtihani yametoka, si mabaya, wala si ya kumfikisha mbali. Waliokuwa wakibishana ni mama yake na mama yake mdogo. Yeye hakuulizwa, na alipojaribu kujibu bila kuulizwa alirudishwa kwenye viazi.

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa mwembamba, mkono wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, na ngozi ya kiganja imekuwa sugu kiasi kwamba alishika sufuria ya moto bila kitambaa na kuwashangaa waliopiga kelele. Kuhusu kazi ya kwanza ya mtoto alikuwa na msimamo, na hakuna jirani ambaye hajausikia.

"Iwe na paa," alisema, akihesabu kwa vidole. "Iwe na choo kinachofungika kwa ndani. Na iwe na mtu mmoja anayekujua. Hayo mengine mapambo."

Wiki tatu alikuwa amezunguka kukagua. Alianza kwa mpiga picha wa barabara kuu, aliyekuwa anatafuta msichana wa kukaa kaunta. Paa lilikuwepo, choo kilikuwepo, hata feni. Mama akauliza msichana aliyekuwepo kabla yuko wapi. "Aliolewa," mpiga picha akasema, akitabasamu. Na aliyemtangulia huyo? "Naye aliolewa." Mama akachungulia nyuma ya pazia, akaona kochi jekundu, akachukua mkoba wake. Kutoka hapo alikwenda duka la dawa, ambako walitaka cheti, na juu ya cheti hicho walitaka kingine.

Wa tatu ni fundi wa vyerehani mwenye kibanda nyuma ya soko. Huyo hakutafutwa na mama. Alitajwa na binti mwenyewe. Tangu ana miaka kumi na mitatu alikuwa akisimama pale akitoka shule, anaangalia fundi anavyofungua mashine, mpaka siku moja akapewa bisibisi. Cherehani ya mama mdogo, iliyokuwa ikiruka mishono kwa mwaka mzima, aliitengeneza yeye, mezani, kwa dakika arobaini. Fundi alikuwa ametuma salamu: mleteni, nimechoka kufundisha watoto wanaoogopa skurubu.

"Sasa dada," mama mdogo akasema, "mtu anamtaka, mtoto anataka, unatafuta nini tena?"

"Kibanda cha bati. Hatua nne kwa nne. Mwanaume mmoja, mafuta mpaka kwenye kope. Choo chake kiko wapi?"

"Kuna choo cha soko," binti akasema. "Na mke wake anakaa hapo hapo, anauza nyuzi na vifungo."

"Nimekuuliza?"

Binti akachukua kiazi kingine.

"Kwetu kazini kuna nafasi," mama akasema. "Yule msichana wa meza ya nne ametoka. Nimeshaongea na bosi. Jumatatu anaanza. Nitakuwa hatua tatu kutoka alipo, mchana kutwa. Nani atamwonea?"

"Wewe," mama mdogo akasema, na wote wawili wakacheka, maana mama mdogo alijulikana kwa mdomo wake.

Kulikuwa na jambo ambalo mama hakulisema jikoni pale. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kumgomea. Kilikuwa kinakaza ghafla, bila taarifa, pasi ikiwa juu ya nguo. Mtoto mwenye mikono mizima kwenye meza ya jirani angemsaidia kubeba mashuka yaliyolowa, angemkunjia mapazia, asingeuliza maswali. Hili lilikuwa kweli kama lile la kumlinda. Yote mawili yalikaa moyoni mwake bila kugombana.

Duka la dobi lilikuwa na chumba cha mbele chenye kaunta, kioo na maua ya plastiki, na chumba cha nyuma chenye boila, meza nne za pasi za mvuke na dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasione. Kila mpiga pasi alikuwa na rangi yake ya uzi. Ukimaliza nguo, unashona mshono mmoja mdogo upande wa ndani wa ukosi au kiuno, unakata, unatundika. Mama alikuwa zambarau. Meza ya pili ilikuwa ya mwanamke mnene aliyejiita Shangazi kwa kila mtu, hata kwa wakubwa wake. Yeye alikuwa kijani. Ya tatu ilikuwa ya mwanaume aliyeitwa Mrefu, na kweli alikuwa mrefu, buluu. Msichana aliyetoka alikuwa njano. Binti akarithi njano.

Sababu ya nyuzi ilikuwa ukutani, nyuma ya kaunta. Bosi alikuwa ametundika ubao hapo. Nguo ikirudi imeungua, alikata ule mshono kwa wembe na kuubana ubaoni kwa pini. Nyuzi tatu za rangi moja kabla ya mwaka kwisha, mwenye rangi anarudisha aproni. Hakuna barua wala kikao. Mwaka ukianza, nyuzi zote hutupwa na kila mtu huwa msafi.

Bosi aliona utaratibu huo ni wa haki, na kwa alivyoujua yeye, ulikuwa wa haki. Asichokijua ni kwamba ulikuwa na mlango wa nyuma. Mshono unashonwa na mpiga pasi mwenyewe, baada ya kuona nguo imetokaje. Na mgeni anapoingia, nafasi yake ubaoni huwa tupu. Kwa hiyo mtu wa zamani akiunguza kitu, huchukua uzi wa mgeni. Walikuwa na neno lake: kumtwika. Mgeni alitwikwa kimoja, akatwikwa cha pili, na kama ana bahati alistahimili mpaka mwaka mpya, naye akawa wa zamani. Wengi hawakuwa na bahati. Katika miaka kumi na tisa mama alikuwa ametwika wageni mara nne, na mara zote nne alikumbuka sura ya nguo kuliko sura ya msichana. Ya mwisho ilikuwa sketi ya kijivu, mwezi uliopita. Ndiyo iliyoiacha wazi meza ya nne.

Jumatatu ile, wakati wa chakula, alimtuma binti nje kuanika mashuka, akageuza ndoo, akakaa mbele ya wenzake.

"Uzi wa mtoto hauguswi," akasema.

Mrefu akaacha kutafuna. "Mkongwe! Kumbe una moyo. Mwaka wa kumi na tisa leo ndiyo tunaonyeshwa."

"Sitanii."

"Wala sisi," Shangazi akasema. Alikuwa na kawaida ya kula karanga moja moja, akizimenya ganda la ndani. "Kwa hiyo tukiunguza, tunaunguza kama watu wazima. Haya. Na sisi tunapata nini?"

Walipata meza ya boila, au tuseme waliikimbia. Meza ya kwanza, iliyo karibu na boila, ilikuwa na joto la kumfanya mtu aone nyota, na ingawa ilikuwa ya mama, walikuwa wakibadilishana naye kila wiki. Mama alikubali kuichukua moja kwa moja, pamoja na sketi zote za marinda za shule ya wasichana, ambazo kila mtu alizichukia. Wakashikana mikono. Mrefu akaupiga ukuta kama hakimu anayefunga kesi.

Wiki ya kwanza binti aliunguza aproni ya mpishi. Ni yeye kweli; aliacha pasi ikae sekunde mbili zaidi akiangalia bomba la mvuke linavyoungana na mashine. Alishona mshono wake wa njano, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya chumba kile: akaichukua nguo mwenyewe mpaka kaunta.

"Nimeunguza hii," akamwambia bosi. "Hapa, na hapa kidogo."

Bosi alimwangalia juu ya miwani kwa muda. Akakata uzi, akaubana ubaoni. Nyuma, Mrefu alicheka mpaka akashika ukuta. "Anajipeleka polisi mwenyewe! Mkongwe, huyu umemzaa au umemwokota?"

Mama hakucheka. Alimwambia binti njiani kwamba mtu hajitangazi. Binti akauliza, mtu afanyeje? Mama akasema, anyamaze, mambo yanajipanga. Binti alikuwa mtoto wa kutaka kujua vitu vinajipangaje, na wiki ya tatu akarudi na jibu alilolipata kwa Mrefu, ambaye hakuweza kukaa na siri kwa kuwa siri ilikuwa inachekesha.

"Mama, ni kweli mnawatwika wageni?"

"Nani amemwaga mtama? Mrefu?"

"Ni kweli?"

"Kila kazi ina mambo yake."

"Na wewe uliwahi?"

"Chakula kinapoa."

Binti akala. Lakini kuanzia kesho yake alikuwa anaondoka na kibunda chake cha uzi mfukoni, mpaka mama alipomwambia anawatia aibu wenzake, wataona hawaaminiki, na yeye ameshampigania. "Nimekaa kwenye boila kwa ajili yako. Unafikiri napenda kuiva?" Binti akautoa uzi mfukoni, akauweka kwenye kibao cha dirisha, pamoja na za wengine.

Wiki ya saba, Jumatano, baada ya chakula, mama alikuwa na koti la mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Lilikuwa la rangi ya maziwa, kitambaa chepesi kinachojifanya hariri na kinachoyeyuka kama nailoni. Mwenye koti alijulikana. Aliwahi kurudisha blauzi kwa sababu ya kifungo kilichoshonwa kwa uzi mweupe usiofanana na weupe wa vifungo vingine. Mama alitandika kitambaa chenye unyevu juu ya ukosi, akashusha pasi, na kifundo cha mkono kikakaza.

Haikuchukua muda. Alitoa vidole kimoja kimoja kwenye mpini kwa mkono wa kushoto, akainua pasi, na harufu ikampa habari kabla ya macho. Tundu lilikuwa la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kingo zake kahawia, katikati ya ukosi wa kushoto.

Ubaoni alikuwa na nyuzi mbili za zambarau, na mwaka ulikuwa bado na miezi minne.

Binti alikuwa uani akianika. Mama aliuangalia mlango wa uani, akaangalia kibao cha dirisha. Hesabu aliyopiga ilikuwa rahisi na aliipiga kwa haki kabisa, kama mama. Mtoto ana moja. Moja na moja ni mbili. Mbili si tatu. Mtu mwenye mbili anaishi vizuri. Yeye mwenyewe anaishi. Yeye akifika tatu, wote watakula nini? Mdogo wa binti yuko darasa la tano, na kuna mwingine wa la pili. Alichukua uzi wa njano. Binti alikuwa na mtindo wake wa kushona, msalaba mdogo, mikono yake sawasawa. Mama aliushona msalaba huo vizuri kuliko binti mwenyewe, akaukaza, akaukata kwa meno, akatundika koti.

Alipogeuka, Shangazi alikuwa anamenya karanga. Aliitia moja mdomoni, akarudi kwenye pasi yake.

Jioni ile mama alimkaangia binti mayai mawili.

"Kuna sherehe?" binti akauliza.

"Kula."

Koti lilirudi kesho yake, likiwa limebebwa na mwenyewe, aliyesimama kaunta na kuzungumza kwa sauti ya darasani. Bosi alimwita binti mbele yake.

"Koti hili umelipiga wewe?"

"Sijawahi kulishika."

"Uzi wa nani?"

Binti akaushika ukosi, akauinamia, akauangalia ule msalaba muda mrefu mpaka mwalimu mkuu akaanza kugonga kaunta kwa funguo. "Rangi ni yangu," akasema. "Koti silijui."

Bosi akakata uzi, akaubana ubaoni chini ya ule wa kwanza.

Njiani kurudi nyumbani binti alitembea hatua moja mbele, kama mtu mwenye mawazo, kisha akapunguza mwendo ili walingane.

"Mama, koti la mwalimu mkuu nani alilipiga?"

"Nguo mia mbili kwa siku, nitajuaje?"

"Jana asubuhi lilikuwa linaning'inia meza ya boila."

"Unanituhumu mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Nimesema lilikuwa linaning'inia meza ya boila."

Wakapita duka la viatu, wakapita kituo cha mafuta. Mama akaanza kueleza, bila kukiri lolote, jinsi mtu anavyoweza kukaa na nyuzi mbili muda mrefu tu, ilimradi awe makini. Alieleza kwa upole. Binti alisikiliza yote, akauliza kama wakifika apike wali au ugali.

Kuanzia siku hiyo uzi wa njano ulirudi mfukoni mwa binti, na safari hii mama hakusema anawatia aibu wenzake. Lakini binti alikuwa na miaka kumi na sita, na Jumamosi ilikuwa siku ya joto. Aliivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda uani kunywa maji.

Siku hiyo walikuwa na majoho ya kwaya, thelathini, mekundu. Mama alisikia harufu, akajua si yake. Aliinua macho, akamwona Shangazi amesimama karibu na msumari, mkono ndani ya mfuko wa aproni ya binti, na joho moja begani. Alipofika pale mshono ulikuwa umeshapita.

"Shangazi! Uzi wa mtoto!"

"Ndiyo. Ulikuwa hauguswi." Shangazi alikata uzi kwa meno, taratibu. "Jumatano nikaona unaguswa. Nikasema, ah, mkataba umekwisha, dada yangu amesahau tu kututangazia."

"Ana mbili! Hiyo ya tatu!"

"Moja ni yake. Ya pili ni yako. Hii ni yangu." Akalitundika joho. "Nenda mbele kamwambie bosi, twende wote. Nitasema langu, utasema lako. Mimi ubaoni nina moja tu, nitabaki na mbili. Wewe je?"

Mrefu aliyekuwa akipiga mluzi aliacha. Alimwangalia mama, akamwangalia Shangazi. Akarudi kwenye joho lake. Mlango wa uani ukafunguka, binti akaingia akifuta mdomo, akavaa aproni yake, akaangalia nyuso tatu zilizokuwa zikiangalia meza.

"Nini?" akauliza.

"Fanya kazi," mama akasema.

Kwaya ilileta joho Jumatatu. Bosi hakumwita binti peke yake safari hii. Aliwaita yeye na mama, akageuza kibao cha mlangoni kiseme dukani kumefungwa, jambo ambalo hakulifanya hata siku boila lilipopasuka. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuangalia ubao Jumapili nzima kichwani mwake, na kuna kitu kilikuwa hakimwendei sawa.

"Mtoto huyu," akasema, "wiki ya kwanza aliniletea kosa lake mkononi. Leo ananiambia hizi mbili si zake. Mtu wa namna hiyo anaanza lini kuwa mwongo?" Akavua miwani. "Mkongwe, nimekuamini kuliko mtu yeyote humu. Wewe unakaa kule nyuma, mimi sikai. Niambie tu, anabambikiwa? Sema ndiyo, nautoa uzi huu sasa hivi. Sihitaji hata jina."

Ingekuwa rahisi namna hiyo. Neno moja. Lakini mama alijua dukani kwa watu jambo huwa haliishii kwenye neno moja. Akisema ndiyo, bosi ataingia nyuma. Akiingia nyuma, Shangazi ataanza na koti. Aliuangalia ubao. Nyuzi zake mbili zilikuwa zimefifia kidogo kwa jua la dirishani. Alijua binti amemgeukia na anamwangalia upande wa uso. Alijua pia kwamba binti angeweza kulitaja koti muda wowote, na kwamba hajalitaja, na kwamba anamwachia yeye nafasi ya kusema. Binti alimpa muda mrefu kuliko bosi alivyompa.

"Mtoto bado anajifunza, bosi," mama akasema.

Bosi akavaa miwani. "Haya." Alisikika amechoka. "Aproni."

Binti akaifungua kamba ya nyuma, akaivua kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka kaunta. Akatoa kibunda cha uzi, akakiweka juu yake. Akamwamkia bosi shikamoo, kama mtu anayeingia, si anayetoka, akafungua mlango na kwenda zake. Mama akarudi nyuma. Marinda ya shule ya wasichana yalikuwa yanamngoja, sketi arobaini na mbili. Alizipiga zote, na hakuunguza hata moja.

Habari za kwa fundi alizileta mama mdogo, jioni hiyo hiyo, akiwa amesimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Ametoka kwenu ameenda moja kwa moja kwa fundi. Fundi amemwambia kibanda kimejaa, amechukua mtoto wa shemeji yake wiki iliyopita. Dada, miezi miwili kilikuwa kitupu! Kilikuwa kinamsubiri!" Alishusha pumzi. "Na amemuuliza, mbona umetoka kwa dobi mapema? Unajua mtoto wako amejibu nini? Amesema, muulize mama yangu. Fundi akasema anakufahamu, wewe ni mtu wa maana, atakuuliza. Basi jiandae."

Fundi hakuja kuuliza. Labda alisahau, labda aliuliza kwingine.

Wiki mbili binti aliondoka nyumbani kila asubuhi kabla ya mama, akarudi saa kumi na moja. Wiki ya tatu alianza kurudi na harufu, ya manyoya yaliyochovywa maji ya moto. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana. Alikuwa hanuni. Aliitika akiitwa, alisaidia wadogo zake masomo, alijibu alichoulizwa, kiasi kile kile alichoulizwa.

"Umepata kazi?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Nyuma ya machinjio."

"Kazi gani?"

"Kuku."

Mama alisubiri siku yake ya mapumziko. Alinunua ovaroli jeupe, la mtumba lakini zima, akalipiga pasi nyumbani kwa uangalifu ambao wateja wa dobi hawakuwahi kuupata, akalitia kwenye mfuko wa nailoni. Ndivyo anavyofanya mzazi: anakwenda, anajitambulisha, mwajiri anajua mtoto ana mwenyewe. Kwa mpiga picha alikwenda, duka la dawa alikwenda. Njiani alikuwa akipanga maneno.

Mahali penyewe palikuwa na paa nusu. Kulikuwa na pipa la maji yanayochemka, meza ndefu ya zege, mfereji katikati ya sakafu, na wasichana sita wamesimama ndani ya maji mekundu wakinyonyoa. Choo hakikuonekana. Binti alikuwa kona ya mwisho. Mikono yake ilikwenda upesi kuliko ya wenzake.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa rika la mama, viatu vya mpira mpaka magotini.

"Karibu, mama. Mzima au vipande?"

"Habari za kazi. Nina shida ndogo. Kuna binti hapa, mwembamba, ameanza karibuni..."

"Yule wa kona? Huyo sikupi!" Msimamizi akacheka. "Kila mtu ananiibia wafanyakazi. Mashine ya kunyonyolea ilikufa wiki iliyopita, huyo ameifungua kwa kisu cha jikoni, ameifufua. Wewe unamjuaje?"

Mama akafungua mdomo.

"Maana alikuja hapa bila mdhamini," msimamizi akaendelea, akifuta mikono. "Mimi huwa sichukui mtu bila mzazi. Nikamwambia, kamlete mama yako. Akaniambia mama alifariki kazini. Kwa dobi. Nikamwonea huruma, nikamchukua. Hivi wewe ni nani yake?"

Kwenye kona, binti alikuwa ameinua macho. Alikuwa amemshika kuku miguu, amemning'iniza juu ya pipa, na hakumtumbukiza. Alisubiri. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso.

"Sina undugu naye," mama akasema. "Nilisikia tu anafanya kazi vizuri. Nataka kuku. Mmoja."

"We binti! Mhudumie mteja."

Binti alikuja, akasuuza mikono, akachukua kuku wa kwanza juu ya meza. Akamuuliza kama anataka na miguu. Mama akasema aweke. Akamfunga vizuri kwenye karatasi, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima, akarudi kwenye pipa. Mama aliondoka na kuku mkono mmoja na ovaroli mkono mwingine.

Jioni walimla. Wadogo waligombea paja. Binti alikula shingo na kipande cha kifua, akatafuna sana, akaweka mfupa pembeni mwa sahani.

"Mgumu huyu," akasema. "Ungejitambulisha, ningekuchagulia mwingine."